Lifti Mbili, Akili Moja

Ndugu hawa wawili waligombana kwanza kuhusu kengele, kisha kuhusu mlango, na baada ya hapo hawakuhitaji tena sababu.

Karakana yao ilitengeneza mfumo endeshi wa lifti. Vyuma, kamba na mota vilitengenezwa na watu wengine. Wao walitengeneza akili, ile inayokaa ndani ya kisanduku juu ya dari ya lifti na kuamua nani ashuke, nani asubiri. Baba alisimamia lifti za zamani, zenye prosesa kongwe ambayo ilikuwa ya polepole lakini haikujua kufa. Shangazi, dada yake mkubwa, alisimamia lifti mpya, zenye prosesa ya kisasa ambayo ilikuwa na kasi na, kwa maneno ya Baba, kiburi. Katikati yao alikaa binti wa mmoja na mtoto wa kaka wa mwingine, msichana aliyesomea uandishi wa programu chuo kikuu. Kila alichoandika ilibidi akitafsiri mara mbili, moja kwa Baba na moja kwa Shangazi. Ndiyo maana karakana nzima ilimwita Mkalimani.

Tatizo lilikuwa namba. Programu ya lifti haina mikono. Ikitaka mlango ufunguke, haiwezi kuufungua yenyewe; lazima iite kiini cha mfumo, ambacho ndicho chenye mikono, na kukitajia namba ya huduma inayotaka. Ni kama hospitali yenye madirisha mengi: hapa dawa, pale vipimo, kule sindano. Ukigonga dirisha la sindano ukidhani ni la dawa ya kichwa, hakuna atakayekuuliza ulimaanisha nini. Utageuzwa na kuchomwa.

Baba, alipoandika jedwali lake la miito, yaani orodha ya namba na huduma zake, alianza na mlango.

"Lifti bila mlango ni kisima," alisema.

Shangazi alianza na kengele.

"Mtu mwenye adabu hupiga hodi kwanza," alisema, "ndipo afunguliwe."

Kwa hiyo namba kumi na mbili ilifungua mlango kwa Baba na kupiga kengele kwa Shangazi. Namba kumi na nne ilifungua mlango kwa Shangazi na kupiga kengele kwa Baba. Wito wa kufunga mlango na wito wa kuwasha na kuzima taa nayo ilipishana hivyohivyo. Kila mmoja aliona jedwali la mwenzake kama nguo iliyovaliwa nje ndani.

Na hakuna aliyeweza kurekebisha. Kulikuwa na sheria moja ambayo wote wawili waliiheshimu, na wote wawili walikuwa wamemfundisha Mkalimani kwa maneno yaleyale: namba ikishatoka nje haibadilishwi. Huko mjini kulikuwa na lifti zinazoendeshwa na programu ambazo waandishi wake walikwisha kuhama, kustaafu au kusahau kabisa walichoandika. Programu hizo zilizoea namba zao. Kuzibadilishia, alisema Baba, ni sawa na kuhamisha choo usiku bila kuwaambia wageni.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka, kwa kelele lakini bila madhara, mpaka alipokuja Mama Majengo.

Mama Majengo alimiliki majengo, na aliyazungumzia kama watu wengine wanavyozungumzia watoto: hili lina kichwa kigumu, lile linavuja. Jengo lake kubwa lilikuwa na lifti mbili ubavu kwa ubavu, moja ya zamani na moja mpya. Alitaka kitu kimoja. Umeme ukikatika, lifti zote mbili zitumie betri, zishuke chini, zifungue milango na kupiga kengele.

"Nataka lifti mbili, akili moja," alisema, akiwa ameketi karakanani na mkoba wake mapajani. "Mwezi uliopita umeme ulikatika, moja ikashuka, nyingine ikabaki juu inatafakari. Ndani yake alikuwemo daktari wa meno na mgonjwa wake. Mgonjwa alikuwa na nafasi nzuri sana ya kubadili mawazo. Jumatatu mnionyeshe. Mkishindwa, nitatafuta watu ambao ni wamoja."

Hapo ndipo moto ulipowaka, maana huduma hiyo ilihitaji wito mpya, na wito mpya ulihitaji namba.

"Arobaini na moja," alisema Baba, Mama Majengo alipokwisha kuondoka. "Ndiyo inayofuata."

"Inayofuata kwako," alisema Shangazi. "Kwangu inayofuata ni ishirini na tisa."

"Ishirini na tisa kwangu inapima uzito wa abiria, dada. Umeme ukatike, lifti ianze kuwapima watu kilo?"

"Na mimi niruke kutoka ishirini na nane mpaka arobaini na moja ili nikufuate wewe? Wewe niliyekufunga viatu?"

"Viatu umenifunga mara moja."

"Kwa sababu ulivivaa kushoto kulia. Na jedwali lako ni vilevile."

Baba aliinuka. Alikuwa mtu mpole, na hasira yake ilikuwa ya kipole pia: alikunja mikono ya shati. "Basi tugawane," alisema. "Wewe na lifti zako, mimi na zangu. Jumatatu tukishindwa, kila mtu na lake."

"Tugawane. Na mtoto anakuja kwangu."

"Mtoto ni wangu!"

"Wa kumzaa, ndiyo. Nywele alisukwa na nani? Homa ya usiku alikeshewa na nani?"

Mkalimani alikuwa ameketi palepale, baina ya meza mbili, akisikia akigawanywa kama kiti. Mama yake alifariki angali mdogo. Baba ndiye aliyemfundisha kuandika programu yake ya kwanza, na Shangazi ndiye aliyemfundisha kila kitu kingine. Alikuwa na baba mmoja na shangazi mmoja, na hakuwa na mpango wa kupunguza hesabu hiyo.

Ijumaa aliwaendea mmoja mmoja. Alimkuta Baba akifuta vumbi kwenye kisanduku cha lifti ya zamani, taratibu, kama anayemwogesha mzee.

"Baba, kubali tu. Mmoja akikubali, yamekwisha."

"Nikikubali leo, kesho atataka nikubali na kengele."

"Basi sikiliza. Mkigawana, mimi simchagui mtu. Nitaondoka niwaachie wote wawili."

Baba aliacha kufuta.

Kisha alimwendea Shangazi, akamwambia maneno yaleyale. Shangazi alimsikiliza huku amekunja uso.

"Mimi ni mkubwa," alisema. "Mkubwa hafuati."

"Mkubwa ni jalala, Shangazi, hupokea yote. Si wewe unayesema kila siku?"

"Hayo nayasema kwa wengine," alijibu Shangazi, akageukia kompyuta yake. Lakini vidole vyake havikuandika kitu.

Jumatatu asubuhi walikutana katika ukumbi wa jengo la Mama Majengo. Mkalimani alikuwa amefanya alichozoea kufanya. Programu ya kila lifti aliitafsiri kwa namba za mwenyewe, na wito mpya akaupa arobaini na moja kwa Baba na ishirini na tisa kwa Shangazi. Hakukuwa na akili moja hapo, bali akili mbili zilizovalishwa sare. Alitumaini Mama Majengo hatainua sare.

Kilichomtia hofu ni ndugu wenyewe.

"Karibu, dada," alisema Baba, akimsogezea Shangazi kiti.

"Ahsante, mdogo wangu. Umelala salama?"

"Salama kabisa. Shati lako limekupendeza."

Mkalimani aliwatazama kwa zamu. Hakuwahi kuwasikia wakizungumza hivi isipokuwa msibani. Kila mmoja alikuwa na tabasamu dogo la mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo.

Mama Majengo aliingia katika lifti ya zamani. Mlinzi wa jengo, mwanamume mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, aliagizwa aingie katika ile mpya. Wote wawili wakabonyeza ghorofa ya tatu.

Lifti zilitakiwa kufunga milango. Badala yake zilizima taa.

"Hee!" alisema Mama Majengo gizani.

Lifti, ikiona mlango bado uko wazi, ikajaribu tena kuufunga. Taa ikawaka. Ikajaribu tena. Taa ikazimika. Ilijaribu kwa bidii ya mwanafunzi mwema, na taa ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, huku Mama Majengo akionekana na kutoweka pamoja na mkoba wake.

"Bosi," aliita mlinzi kutoka lifti ya pili, "huku nako ni disko!"

Baada ya majaribio kadhaa programu ilikata tamaa na kuamua kufanya ilichofundishwa kufanya mambo yakiharibika, yaani kuhakikisha mlango uko wazi. Kengele ikaanza kulia. Ililia katika lifti zote mbili kwa wakati mmoja, kwa mapigo yaleyale, na taa zikacheza kwa mapigo hayohayo. Watu waliokuwa wakipita mlangoni walisimama. Mmoja aliuliza kama kuna harusi.

Mama Majengo alitoka nje ya lifti kwa hatua za heshima. "Mliniahidi akili moja," alisema. "Ndiyo hii?"

Baba alikuwa ameshika kichwa. Shangazi alikuwa ameketi, jambo ambalo hakulifanya kwa kawaida mbele ya wateja. Lakini Mkalimani hakuwa akiwatazama wao. Alikuwa akitazama lifti. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuziona lifti hizi mbili zikikubaliana juu ya jambo lolote. Leo zilikuwa zimekubaliana kukosea, na kukosea kwa namna moja. Zikitakiwa kufunga, zinagusa taa. Zikitakiwa kufungua, zinapiga kengele. Kama mtu mmoja angechezea jedwali moja, lifti moja ndiyo ingepata wazimu. Wazimu wa sare ulihitaji watu wawili.

"Baba," alisema, "umefanya nini?"

"Mimi?" Baba alikohoa. "Sijafanya neno. Nimempa tu dada yangu heshima yake."

"Heshima gani?"

"Jana nilikuja hapa, lifti zikiwa zimezimwa mpaka leo. Nikaweka jedwali lake kwenye lifti yangu. Nilitaka akute limeshawekwa, tusibishane. Nilijua programu utaibadilisha leo, ila nilitaka kwanza aone."

Shangazi aliinuka polepole. "Jedwali la nani?"

"Lako, dada."

"Lipi? Hili ambalo nimelitoa kwenye lifti yangu jana nikaweka la kwako?"

Kengele mbili zililia.

"Wewe umeweka langu?" aliuliza Baba.

"Mtoto alisema tukigawana anaondoka! Ningefanya nini? Nimemeza kiburi changu, nacho si kitu kidogo, nimekimeza chote, nimekuja hapa Jumapili na viatu vya kanisani..."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi, baada ya ibada."

"Mimi nilikuja mchana." Sauti ya Baba ilipanda. "Kwa hiyo hata katika kushindwa umenitangulia!"

"Nilizaliwa nimekutangulia!"

"Mimi niliwaona wote," alisema mlinzi, ambaye alikuwa amejichomoa kutoka katika disko lake. "Kila mmoja aliniambia nisimwambie mwenzake. Nami ni mtu wa siri."

"Rudisha la kwako," Shangazi alimwambia Baba.

"Rudisha wewe. Mimi nimekubali, siwezi kukataa tena."

"Na mimi nimekubali!"

"Nimekubali zaidi!"

Wakaanza kugombana upya, kwa nguvu zilezile za siku ile karakanani, isipokuwa sasa kila mmoja alipigania jedwali la mwenzake. Baba alieleza kwa hisia kwa nini kengele lazima itangulie mlango. Shangazi alisema lifti bila mlango ni kisima. Mama Majengo aliwasikiliza kwa muda, kisha akaanza kutafuta simu ndani ya mkoba.

Mkalimani aliona mkono ule ukiingia mkobani. Alijua simu hiyo itawapigia akina nani: watu ambao ni wamoja. Na baada ya simu hiyo karakana ingegawanywa, mwenye lifti kongwe huku, mwenye lifti mpya kule, na yeye mlangoni na begi lake.

"Nyamazeni!" alisema.

Hakuwahi kuwaambia hivyo. Walinyamaza kwa mshangao. Hata mlinzi alizishika funguo zake zisilie.

"Nani alinifundisha kwamba namba ikishatoka nje haibadilishwi?"

Baba aliangalia sakafu. Shangazi alisoma tangazo la ukutani kuhusu usafi.

"Nimeuliza."

"Mimi," alisema Baba.

"Na mimi," alisema Shangazi. "Mimi kwanza."

"Na wote wawili mmezibadilisha. Kwa siri, Jumapili. Kiini hiki kikisambazwa kwa lifti zenu nyingine, kesho mji mzima unacheza disko, na hakuna atakayejua wa kumlaumu, kwa sababu kila programu itakuwa imefanya ilichoambiwa. Wema wenu una hasara kubwa kuliko ugomvi wenu."

"Mwanangu, sauti," alisema Shangazi.

"Sauti naishusha mkikubali. Baba, rudisha jedwali lako kama lilivyokuwa. Shangazi, rudisha lako. Mlango ubaki pale ulipo kwa Baba, kengele pale ilipo kwa Shangazi. Limekosewa tangu zamani, na sasa ni kosa la watu wengi, si lenu tena. Hatuligusi. Lakini miito mipya yote inaanza hamsini. Kwa lifti za zamani, hamsini. Kwa lifti mpya, hamsini. Na lifti nyingine yoyote itakayokuja, hata ikiwa na prosesa ambayo bado haijabuniwa, nayo huduma hiyo itaikuta hamsini."

Shangazi alihesabu kimoyomoyo, na uso wake ukabadilika. "Mimi nimefika ishirini na nane. Niruke mpaka hamsini? Jedwali litakuwa na pengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Watu watadhani niliandika miito nikaipoteza njiani."

"Ruka tu, dada," alisema Baba. "Miguu unayo."

"Nawe unaruka, Baba. Umeishia arobaini."

"Mimi naruka kidogo."

"Kidogo au sana, wote mnaruka," alisema Mkalimani. "Hamsini si ya Baba wala si ya Shangazi. Ndiyo maana nimeichagua."

"Na programu ikiita namba ya katikati? Kwenye pengo?"

"Kiini kitajibu: samahani, huduma hiyo sina."

Shangazi aliwaza. "Kwa neno hilo la samahani?"

"Kwa neno hilohilo."

"Angalau ina adabu," alisema Shangazi.

Mama Majengo alikuwa bado ameshika simu, lakini kidole chake kilikuwa kimesimama. "Binti," alisema, "nieleze mimi nisiyejua namba. Hizi lifti zitakuwa na akili moja au hazitakuwa?"

"Kwa mambo ya zamani, mama, kila moja ina yake, nami nitaendelea kuzitafsiria. Kwa mambo mapya, kuanzia hili lako la umeme, ni akili moja."

"Maneno mazuri. Mimi nataka kuona mlango."

Waliketi kwenye benchi la ukumbini, ndugu wawili na kompyuta mbili, wakigombea tundu moja la umeme. Baba alirudisha jedwali lake. Shangazi alirudisha lake. Taa zikatulia, kengele zikanyamaza, na waliokuwa wakisubiri harusi wakaondoka. Kisha kila mmoja akaandika namba hamsini. Mkalimani alisimama nyuma yao kama msimamizi wa mtihani.

"Wito unapewa nini?" aliuliza Baba. "Ghorofa ya kushukia, halafu muda wa kusubiri?"

"Muda kwanza," alisema Shangazi. "Kisha ghorofa."

"Dada, mtu huulizwa anakwenda wapi, ndipo..."

"Ghorofa kwanza," alisema Mkalimani. "Kisha muda. Kwa wote. Hakuna namba moja yenye mipangilio miwili, maana hapo tutakuwa tumejenga nyumba moja yenye ngazi mbili zisizokutana."

Shangazi aliandika ghorofa kwanza. Aliandika kwa kugonga vibonye kwa nguvu, lakini aliandika.

Walipomaliza, Mama Majengo alikataa kuingia. "Nimekwisha kucheza vya kutosha leo," alisema. "Walioandika ndio wapande."

Kwa hiyo Baba aliingia lifti ya zamani na Shangazi akaingia lifti mpya. Milango ikafungwa. Taa hazikutikisika. Vioo vidogo juu ya milango vilionyesha moja, mbili, tatu. Mama Majengo alimpa mlinzi ishara, naye, kwa furaha ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza ameruhusiwa kufanya alichokatazwa siku zote, akavuta swichi kuu.

Ukumbi ukawa kimya. Feni ya mapokezi ilizunguka kivivu, ikasimama. Juu, ndani ya shimo la lifti, hakukusikika chochote.

Mkalimani alishika ukingo wa benchi. Alijua breki za chuma haziombi ruhusa kwa programu yoyote, na kwamba hakuna atakayeanguka. Hilo silo aliloliogopa. Alichoogopa ni kwamba moja itashuka na nyingine itabaki juu inatafakari, na atakayebaki juu atakuwa na sababu ya kugawana.

Kisha kikasikika kishindo kidogo cha betri, kwa pamoja. Mota zikanguruma, ya zamani kwa sauti nene, mpya kwa sauti nyembamba. Pamoja na mngurumo huo zikashuka sauti nyingine mbili, zikipita katika ukuta wa shimo na kukaribia ghorofa kwa ghorofa.

"...ya feni! Hamsini na moja iwe ya feni! Kuna joto humu!"

"Iwe ya sauti ya kuwasalimia abiria! Mtu anaingia, anatoka, hata salamu hapati!"

"Lifti haisalimii watu, dada!"

"Yako haisalimii! Imelelewa na wewe!"

Kengele mbili zililia mara moja. Milango miwili ikafunguka sawia. Baba na Shangazi walitoka wakiwa wametazamana, kila mmoja ameinua kidole, wala hawakuona kwamba wamefika.

Mama Majengo alirudisha simu mkobani na kuufunga. "Hawa ndio waliokuwa wanagawana?"

"Ndio," alisema Mkalimani.

"Wanagawana lini?"

Mkalimani aliwasikiliza. Baba sasa alikuwa akidai hamsini na moja ya feni na hamsini na mbili pia, ya kasi ya feni. Shangazi alikuwa akimuuliza tangu lini feni inahitaji namba mbili wakati salamu haina hata moja.

"Sidhani kama watapata nafasi," alisema.

Aliketi kwenye benchi, akaivuta kompyuta iliyokuwa karibu bila kujali ilikuwa ya nani, na kuanza kuandika hamsini na moja kabla hawajamkumbuka.